Pale Penye Mtoki

Ngamiani, Tanga
Jumatatu, 6 Mei 2024

Shemeji Luka,

Mzigo wako Mudathir ameufikisha, pamoja na maandishi ya marehemu. Nilidhani nitayasoma siku hiyohiyo. Nimeweza jana.

Umeniuliza kama nitakushonea wanasesere wa katuni mliyokuwa mkiipanga wewe na mume wangu Himyar. Nitashona. Habari yake naijua, maana alikuwa akinisimulia tukiwa tunakula: mtoto Kibwana anakanyaga bati, wadudu wanaingia kwenye jeraha, na askari weupe wa mwili wanatoka kupigana nao. Alikuwa akizipanga tende kwenye sahani, hizi wadudu, hizi askari, halafu anawala wadudu wote. Mwanetu Nihal alikuwa akimwambia, "Baba, mbona askari ni wewe peke yako?" Ualimu wake haukuishia shuleni.

Lakini uelewe hali yangu. Nimo edani mpaka Julai. Sitoki, simu nimemwachia Nihal, na Mama hataki sauti yangu isikike na mwanamume asiye maharimu wangu. Wapo wanaosema si lazima kubana hivyo. Mimi sitaki kubishana na mama mkwe aliyemzika mwanawe mkubwa juzi tu. Cherehani nayo imefunikwa, kwa sababu ya kelele. Nitashona kwa mkono, na tutaandikiana. Shemeji yangu Mudathir anafuata samaki huko Pangani, atatubebea.

Niambie askari wawe wakubwa kiasi gani, na wadudu wawe rangi gani. Himyar hakuandika.

Wako,
Bimdogo


Pangani
Alhamisi, 9 Mei 2024

Shemeji Bimdogo,

Pole tena na eda. Nimesoma barua yako nikafurahi mpaka mke wangu Anastazia kaniuliza nimeokota nini.

Barua zinanifaa hata mimi. Simu yangu ndiyo kamera. Nimeifunga kwenye kigoda na kuitoa laini, maana ikiitwa tu inatikisika na kazi ya asubuhi nzima inaharibika. Ya Anastazia iliingia maji. Kazi yenyewe ni ya subira: namsogeza mwanasesere kidogo, napiga picha, namsogeza tena, napiga tena. Picha zikifuatana upesi, anatembea.

Askari wawe urefu wa kidole cha kati. Nataka wa aina tatu. Wa kwanza ni wa doria, wanene, wenye mdomo mkubwa, hao wanameza wadudu. Wa pili wembamba, wenye kamba mkononi za kuwafunga wadudu wasitembee. Wa tatu ni mmoja tu, anayekumbuka sura, ili mdudu akirudi mwaka kesho atambuliwe mlangoni. Wadudu rangi yoyote isiyokuwa nyeupe. Na utushonee askari kadhaa waliolala, kwa sababu Himyar aliandika kwamba usaha ni askari waliokufa vitani, na watoto wasiuchukie.

Kambi ya askari ni pale penye mtoki. Mguu ukiumia, mtoki unavimba kwenye kinena. Mkono ukiumia, unavimba kwapani. Uvimbe ule ni askari wanavyoongezeka kambini. Sasa Sista Loveness, muuguzi anayetukagulia maandishi, anataka tuongeze sehemu: mama wa Kibwana anamchua mtoto mtoki, anaonywa, anaacha, anampeleka zahanati. Anasema haipiti wiki bila kumpokea mtu aliyechuliwa mpaka akachelewa. Wewe waonaje?

Watu wa shirika linalotulipia watakuja kutazama Jumamosi, tarehe mosi Juni. Wakiridhika, itaonyeshwa shule zote za wilaya. Wasiporidhika, basi, wametungoja tangu msiba.

Nimejikata kidole nikikata debe la kutengenezea mshipa wa damu. Damu ya kweli imemwagika kwenye mshipa wa bandia. Anastazia anasema sijapata kuigiza vizuri hivyo.

Wako,
Luka


Ngamiani
Jumatatu, 13 Mei 2024

Shemeji Luka,

Nimekuletea wa doria sita na wa kamba wanne. Nimewajaza sufi ya mto wa zamani, ndiyo maana wengine wana matumbo upande. Wadudu nimewakata kwenye kanga kuukuu, wana maua, lakini nimewatia macho mekundu ya shanga. Nihal anasema wanapendeza kuliko askari. Nimemwambia ndivyo walivyo, wangekuwa wabaya wa sura tungewakimbia mapema.

Kuhusu sehemu ya kuchua, naomba uiondoe.

Nitakueleza, na wewe ukishasoma usimwambie mtu. Himyar alijichoma mguu na msumari. Mtoki ukavimba, homa ikaja. Mama akampashia mafuta ya nazi akamchua, asubuhi na jioni, kwa mikono yake. Akamnunulia na dawa za maumivu. Kisha siku moja Himyar akaamka mzima. Homa hana, mguu anasema haumuumi. Akataka chapati, akaimba bafuni, akanikemea kwa nini nimemfungia redio. Mama akasema, "Mnaona? Mikono ya mama hiyo." Kesho yake alikuwa hajui jina langu. Tulimfikisha hospitali, lakini hatukurudi naye.

Bahati Mama alikuwa ametoka Nihal aliponisomea barua yako. Atakapoonyeshwa katuni hii, sitaki imwambie kwamba yeye ndiye. Alimchua kwa mapenzi na hakufanya kosa. Yaache mambo ya kuchua.

Kidole chako kimefunga?

Wako,
Bimdogo

Barua hii naiandika mwenyewe na kuifunga mwenyewe. Zako zijazo nitazisoma peke yangu.


Pangani
Alhamisi, 16 Mei 2024

Shemeji Bimdogo,

Askari wamefika. Huyu mwenye tumbo la upande nimempa cheo.

Nimekuelewa kuhusu Mama na sehemu ile nimeifuta. Sista Loveness amenuna, lakini atazoea. Tena umenitoa wasiwasi. Kidole kimevimba kidogo na mtoki umenitokea kwapani, mkubwa kama kungumanga. Nilikuwa nasitasita nikimkumbuka Sista na maneno yake. Niliposoma kwamba kuchua si kosa, nikamwita mzee mmoja wa hapa jirani, mkono wake mzuri, amenichua jana na leo. Askari wangu wamepiga kambi, shemeji. Nina katuni nzima chini ya kwapa.

Sehemu ya vita nimefika nusu. Bado sehemu ya mwisho, Kibwana akiamka mzima. Shirika linataka amalizie anacheza mpira. Nakuhitaji unipe yule askari anayekumbuka sura, na Kibwana mwingine mwenye miguu inayopinda.

Mwandiko umekuwa mbaya, unisamehe. Naandika na huku nashikilia taa.

Wako,
Luka


Ngamiani
Jumamosi, 18 Mei 2024

Shemeji Luka,

Mudathir kaja jana kanuna. Nimemsikia uani akimwambia Mama, "Yule rafiki wa kaka amekuwa na dharau. Nimempa mkono hakunipa wake. Na barua kanikabidhi kwa mkono wa kushoto, mbele za watu pale sokoni, kama namwomba sadaka." Mama akasema watu hubadilika rafiki akifa. Mudathir akaapa hakubebei tena.

Mimi nilikuwa nashona, nikaacha. Wewe Luka umekula kwetu miaka, hata kijiko hujampa Nihal kwa kushoto. Hujampa mtu dharau. Mkono wa kulia umeshindwa.

Nisikilize. Niliandika vibaya. Niliposema Mama hakufanya kosa nilikuwa namlinda mama aliyefiwa. Sikusema kuchua kunatibu. Usichuliwe tena. Nenda hospitali leo, usingoje sehemu ya mwisho wala ya kwanza. Nihal amekupigia asubuhi yote, simu haipatikani. Nimembembeleza Mudathir, nimemwambia mkono wako ni mgonjwa, akasema, "Si angesema tu." Ataleta barua hii akifuata samaki.

Askari anayekumbuka sura yuko tayari. Sikuletei. Nitakupa ukinionyesha kwamba umetibiwa.

Bimdogo


Pangani
Jumatatu, 20 Mei 2024

Shemeji Bimdogo,

Huu ni mwandiko wa Anastazia. Nimempa kazi ya kuandika kwa sababu mikono yangu imejaa gundi, usije ukatunga hadithi nyingine.

Nimwombe radhi Mudathir, ni kweli mkono ulikuwa unauma siku ile. Lakini hayo yamepita. Leo nimeamka mzima. Homa imekwisha na kidole hakiumi kabisa, hata nikikibonyeza sisikii kitu. Nimekunywa uji bakuli mbili. Askari wameshinda, kama Himyar alivyoandika.

Kuhusu hospitali, nikuambie ukweli. Najua watakachosema. Watanikata. Kidole chenyewe ndicho kinachosogeza wanasesere, shemeji. Ukinikata hicho umenikata kazi. Nikingoja kidogo kinajirudi chenyewe, na dalili zote nzuri. Siku za kumaliza ni chache. Nifanyie hisani uniletee yule askari.

Wako,
Luka

Da Bimdogo, mimi ni Anastazia. Anadhani nimemaliza kuandika. Kidole ncha yake ni nyeusi na kuna mstari mwekundu unapanda mpaka kwenye kiwiko. Uji alikunywa akautapika. Dawa za maumivu anazimeza kama karanga. Nikimwambia twende ananiambia nimtoe roho basi. Sina wa kumshika. Mimi siijui hiyo siku nzuri anayoisema, naiogopa tu.


Pangani, nje ya mlango wenu
Jumanne, 21 Mei 2024

Luka,

Mudathir anakupa karatasi hii mkononi. Mimi nimo ndani ya gari lake la samaki, hapo nje. Geuza kichwa, utaliona.

Nimo edani na nimetoka. Siwezi kuingia kwako wala kukuita kwa sauti. Sishuki, na gari haliondoki mpaka wewe upande. Watu wameanza kusimama kututazama.

Jana umesema umeamka mzima. Himyar aliamka hivyohivyo. Niliwasha jiko nikampikia chapati kwa furaha, na ile ndiyo siku tuliyopaswa kumbeba. Sitapika chapati mara ya pili.

Kama kidole hakiumi hata ukikibonyeza, basi hicho kidole si chako tena. Tumekuja kuuwahi mkono.

Mama yupo ubavuni kwangu. Yeye ndiye aliyesema twende.

Bimdogo


Wodini, Tanga
Jumanne, 28 Mei 2024

Shemeji Bimdogo,

Naandika kwa kushoto. Hakuna wa kununa humu, wote tumelala.

Wamekata viwili, cha shahada na cha kati. Daktari anasema sumu ilikwisha ingia kwenye damu. Siku za mwanzo sizikumbuki. Anastazia anasema nilikuwa nasogeza wanasesere juu ya shuka, na kila nikisogeza mmoja namwambia kimya, nipige picha.

Siku mliyokuja naikumbuka mpaka mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kukukatalia wewe. Barua yako nilikwisha ikunja. Ndipo Mama akashusha kioo. Nikamwambia, "Shikamoo, Mama." Akaniambia, "Marahaba. Panda." Nikamwambia nitakuja kesho, Mama, Mungu akipenda. Akasema, "Mimi na makalio yangu nimeketi juu ya barafu ya samaki kutoka Ngamiani mpaka hapa, wewe unaniambia kesho. Kesho yako nimekwisha kuiona kwa mwanangu. Panda, Luka, usinifanye nishuke." Mudathir akafungua mlango wa nyuma bila kunitazama, akanishika kiunoni. Anastazia alikwisha funga nyumba na funguo kazitia kifuani.

Shemeji, sijui niandikeje. Kila mtu akija hapa ananiambia nishukuru. Nashukuru. Halafu wakiondoka nautazama huu mkono, na nyinyi nyote nawachukia kidogo. Nakwambia wewe kwa sababu hutanijibu kwamba nishukuru.

Watu wa shirika wamesikia, wametuma salamu, na wamesogeza siku mpaka mwisho wa Juni. Nimewaambia wasingoje. Wanasesere wote uwachukue. Anastazia atawarudisha kwako.

Luka


Ngamiani
Ijumaa, 31 Mei 2024

Shemeji Luka,

Sikwambii ushukuru. Uchukie kadiri utakavyo, nyumba hii imezoea. Nihal alimchukia daktari, Mudathir aliichukia misumari, akaiokota yote uani kwa sumaku. Mimi nilizichukia chapati. Inapungua. Haiishi, lakini inapungua.

Wanasesere wamefika, na simu yako pia, Anastazia ameileta yote katika kapu moja. Nimezitazama picha ulizopiga. Yule mwenye tumbo la upande anatembea. Sikuamini. Nilimshona mimi, namjua mpaka ndani, na bado nilimwonea huruma alipoanguka.

Kazi haijafa. Nihal anasogeza, nami nampigia picha, juu ya meza ya Himyar. Si kazi nzuri kama yako. Mkono wa Nihal umeingia kwenye picha mara kadhaa. Utakapotoka utatukosoa, na ukitaka kusogeza kwa kushoto, meza ipo. Nimeandika kwa shirika kwamba wangoje. Nimetia sahihi jina lako, unisamehe.

Sasa nikueleze kuhusu Mama.

Tulirudi kutoka kukuacha hospitali. Majirani walikuwa barazani, na mmoja akamwuliza kwa sauti, "Mwanamke wa eda mmemtoa matembezi?" Mama akamjibu, "Nimemtoa mimi. Una la ziada?" Akapita. Usiku ule hakula.

Kesho yake akaniita. Akasema, "Nihal kaniambia kulikuwa na sehemu ya mtoki kwenye mchezo wenu, nawe ukaitoa. Kwa nini?"

Nikasema, "Ilikuwa haifai, Mama."

"Usinidanganye, nimekuzidi umri."

Akanyoosha mikono yake, akaitazama mbele na nyuma. Akasema, "Nilikuwa nasikia uvimbe unalainika. Nilidhani unaondoka." Kisha akasema, "Ulikuwa unajua tangu lini?"

Nikamwambia tangu barua yako yenye maneno ya Sista Loveness. Nikamwambia sikumlaumu hata siku moja. Akasema, "Najua hukunilaumu. Ndiyo maana yule mwenzenu amekatwa."

Neno hilo alilisema polepole, Luka, kama mtu anayetoa mwiba, na baada yake akanishika mkono tukakaa hivyo mpaka adhana.

Sehemu ya mtoki imerudi. Mama ndiye aliyesema irudi, na ameipanga yeye. Si kama ile ya Sista Loveness. Hakuna anayemwonya mama wa Kibwana. Anapasha mafuta, anaweka mkono pale penye mtoki, anausikia jinsi ulivyo wa moto. Mkono unasimama. Kisha anaondoa mafuta jikoni, anamwamsha mtoto, anamwambia waende. Mtoto anasema haumwi tena, anataka kucheza. Yeye anasema twende hivyohivyo. Basi. Na mwisho si mpira. Mwisho ni Kibwana amelala kitandani zahanati, na mama yake ameketi chini, amesinzia, kichwa kwenye godoro. Shirika wakitaka mpira watatusamehe.

Tulihitaji sauti ya yule mama. Mimi sauti yangu imo edani. Mama akasema, "Mimi sina eda." Nihal akamshikia simu karibu na mdomo. Maneno yenyewe ni machache: Kibwana, mwanangu, inuka, twende. Akajaribu kimoyomoyo. Akamwambia Nihal, "Washa."

Akasema mara moja, akainuka akaenda chumbani kwake. Nihal alinifuata na simu, anataka kunisikilizisha. Nimesikiliza. Sauti imetoka safi, hakuna kelele ya barabarani, hakuna jogoo. Lakini hakusema Kibwana. Alisema Himyar.

Sitamwomba aseme mara ya pili. Kwa hiyo naomba ruhusa yako tubadilishe jina la mtoto, sehemu zote, tangu mwanzo.

Bimdogo